Bawaba za Asili

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa shemeji, maana bila yeye nisingejua kwamba subira hufunzwa na magari pia. Mume huyu wa dada yangu alirithi gari la spoti la zamani kwa marehemu baba yake aliyeishi Arabuni, akalipokea bandarini Mkoani, hapa kwetu Pemba, kama mtu anayempokea hujaji. Lina viti viwili tu, na kimo chake ni kifupi hata ukitaka kumpa mkono dereva huna budi kurukuu. Nilimwomba awe anashuka yeye kwanza, nisije nikadhaniwa nimebadili kibla.

Ubaya wake ulikuwa milango. Bawaba zilikuwa zimelika, milango ikalegea na kuning'inia. Kuufungua mmoja kulitaka uunyanyue kwa goti. Kuufunga kulitaka bismillahi na bega. Siku moja sokoni Konde, mlango wa upande wa dada yangu uligoma kabisa. Shemeji alizunguka nje, akavuta, akaubembeleza kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, haukusikia. Mwisho wauza samaki walimtoa dada dirishani, buibui mbele, mwenyewe nyuma, na mmoja wao akauliza kama huyu anauzwa mzima au kwa fungu.

Dada alirudi nyumbani kwa gari la abiria. Alipovua viatu akaapa, wallahi, hapandi tena gari lile mpaka mlango wake ufunguke kwa kidole.

Kiapo kile kilimuuma shemeji. Alikuwa amelitamani gari hilo kwa jambo moja tu: amchukue mkewe matembezini, wakae wawili, pasi na mjukuu wala mfuko wa muhogo kati yao. Akanijia mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani, baada ya Alasiri kuniuliza kama kiapo kina njia ya kutokea. Nikamweleza habari ya kafara, kwamba mtu huweza kulisha maskini. Akafurahi, akasema yuko tayari kupika hata biriani. Dada akajibu kutoka jikoni kwamba kiapo ni chake yeye, na kwamba maskini hawakufanya kosa lolote hata waitwe kula kwa sababu ya bawaba.

Basi ikabaki kutengeneza. Mafundi wa Chake walimshauri afunge bawaba mpya, za gari jingine. Akakataa katakata, alitaka zile zile za asili. Neno hilo lilimshika kama homa. Mtu huyu meno yake ya juu yametoka kwa daktari, na nyumba ya babu yake aliivunja mwenyewe akajenga ya matofali. Lakini ilipofika zamu ya bawaba ndipo alipowakumbuka wazee. Hapo barazani tukajadili asili ni nini mpaka chai ikapoa. Mmoja wetu alisema bawaba iliyochomelewa mara nyingi vile, asili yake ni mchomeleaji.

Mwishowe kazi akapewa seremala aliyetundika milango ya msikiti wetu, mtu asiyekuwa na shaka na lolote. Alizing'oa bawaba, akatoa pini zilizolika, akachongesha nyingine, akazivika bushi za shaba, vile vipete vya kuzuia kulika, akazirudisha pale pale zilipokuwa. Mlango ukafunguka kwa kidole. Lakini ulipofungwa ukaacha mwanya, toka juu mpaka chini, unaopitisha kidole hicho hicho.

Shemeji akamuuliza mwanya ule ni wa nini.

"Wa masika," akasema seremala. "Mlango hufura masika. Ukiubana sasa, mvua zikija hufungui."

"Lakini huu ni wa chuma, fundi."

"Chuma, lakini kinakaa Pemba."

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Dada akaitwa. Akagusa kwa kidole, mlango ukafunguka, na wote wakanigeukia mimi. Nikasema kiapo kimetimia, kwa kuwa alishurutisha kufunguka, habari za kufungika hakuzitaja. Dada akaukagua ule mwanya kwa makini.

"Mie nikisema humu ndani," akamuuliza mumewe, "walioko njiani watasikia?"

Shemeji si mtu wa kusema uongo. "Watasikia."

"Haya, twende."

Wakashika njia ya Chokocho kumzuru shangazi yetu. Sauti ya dada ilinifikia hata gari lilipokwisha potea. Alianza na wauza samaki wa Konde, akapitia meno, akafika kwenye nyumba ya babu. Niliambiwa baadaye kwamba kila kijiji kilipata sehemu yake, na kwamba pale njia ilipopanda mlima watu walitembea kando ya gari ili wasikose mwisho.

Waliporudi nilimwambia shemeji tumwite seremala auzibe ule mwanya.

"Uacheni, Maalim," akasema. "Miaka yote hii nusu huniambia mie, nusu huviambia vyungu. Leo kaniambia yote."

Na alikuwa anatabasamu, kwa meno yote, ya asili na ya daktari. Dada alikuwa bado amekaa ndani, hajamaliza.