Mwaka Tulioacha Maziwa

Harufu ya utoto wangu ni harufu ya maziwa yaliyoguswa na moshi. Sisemi ule moshi wa jikoni wa kutoa watu machozi. Nasema ule mtamu wa kijinga cha moto, kinachosuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kutiwa, kama wafanyavyo wanawake wafugaji wa Kiorma. Kila asubuhi harufu hiyo ilinifikia nikiwa bado nimejikunja kitandani, kisha sauti ya mwenye kibuyu ikafuata nje ya ua wetu, kwa Kiswahili chake kisichotenga 'mimi' na 'wewe': "Mama Kadzo, kumekucha, bado nalala?" Nilikuwa nikiruka kutoka kitandani kama mtu aliyeitwa harusini, kwa maana kikombe cha kwanza cha Mama Barisa kilikuwa changu mimi Kadzo, na pale nyumbani hakuna aliyethubutu kukigusa.

Kilikuwa changu kwa haki kabisa. Nilipozaliwa, mama yangu aliugua homa hata maziwa yakamkauka, na huko chini ya Garsen tulikoishi hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumkimbilia. Wazazi wangu ni Wagiriama, walikuja delta ya Mto Tana kutafuta mashamba, na wakati huo walikuwa bado wageni. Mwanamke aliyesikia kilio cha mtoto mwenye njaa akaingia bila hodi alikuwa Mama Barisa, mfugaji aliyekuwa akipita na maziwa yake kwenda sokoni. Hakufika sokoni siku ile, wala siku nyingi zilizofuata. Basi nikakua na mama wawili, mmoja mwenye msalaba shingoni na mwingine mwenye tasbihi mkononi, na nilipokosea walinichapa wote wawili bila ubaguzi. Mama alimpa mahindi, pojo na ndizi, yeye akatupa maziwa, na kati yao hapakuwa na habari ya kupimiana.

Baba yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa katekista wa kanisa letu dogo la mabati. Padri alitufikia kwa nadra, kwa hiyo Jumatano ya Majivu tulipakwa majivu na kidole cha Baba, na Kwaresima yote aliiendesha yeye, kanisani na nyumbani. Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi! Kila jioni baada ya kula, sahani zikiwa bado hazijaondolewa mkekani, alifungua Biblia, akasoma mistari michache, halafu akamgeukia kila mmoja wetu na swali lilelile: leo Mungu amekufundisha nini? Hukuruhusiwa kujibu kwamba hakuna. Kaka yangu Charo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, siku moja alisema Mungu amemfundisha kwamba maharagwe yasiyo na chumvi ni adhabu, akatolewa nje akamalizie tafakari yake na mbu. Nilizichukia jioni zile kwa usingizi niliokuwa nao, na sasa ningetoa chochote nipewe moja tu.

Sheria ya Baba ya Kwaresima ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuishika. Unachagua kitu ambacho kukiacha kutakuuma, unakitaja mbele ya familia, na ukivuka ua hukitamki tena kwa mtu yeyote. Aliichukua katika Injili ya siku ya majivu, ile inayotuonya tusifunge kwa kujionyesha. Alisema mtu anayefunga na kutangaza amekwisha kulipwa na macho ya watu, asimsumbue Mungu tena. Hata kukunja uso tulikatazwa. Charo alikuwa akitoka nyumbani na njaa zake huku akitabasamu kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Mwaka huo, zamu ya Mama ilipofika, alitaja maziwa. Sote tukamkodolea macho. Mama alikuwa mtu wa chai nzito, ile inayoganda utando juu ya kikombe, na bila hiyo asubuhi yake haikuanza. "Si mwataka kitu cha kuuma?" akasema. "Basi kwangu ni hicho." Na kwa kuwa chai yetu ilipikwa katika sufuria moja, funga ya Mama ikawa funga ya nyumba nzima, na kikombe changu cha asubuhi kikasombwa humo humo bila mimi kuulizwa.

Kwetu Kwaresima huja kiangazi kikiwa kikali. Nyasi za mbugani zimekwisha, ng'ombe wanateremka kutafuta maji ya Tana, na kati ya mahindi na midomo yao hakubaki nafasi kubwa. Wiki ileile ya majivu kundi moja, ambalo halikuwa la kina Barisa, liliingia katika mashamba ya kijiji chetu na kuyafagia. Vijana wakawaka. Madukani wakapitisha kwamba hakuna mtu wa kuchukua maziwa ya wafugaji, hata tone, mpaka mwenye ng'ombe wale ajulikane. Baba alikwenda kuwatuliza akarudi sauti imemkauka. Mama aliyasikia hayo kama sote tulivyoyasikia, lakini, haki ya Mungu, hakuyahusisha kabisa na sufuria yake. Kwake yeye yale yalikuwa ya vijana, na haya yalikuwa kati yake na Mungu.

Alhamisi asubuhi sauti ikaita uani kama kawaida. Mama akatoka akifuta mikono kwenye leso.

"Leo hapana, Mama Barisa. Wapelekee wengine."

Mama Barisa akacheka, akidhani ni mzaha, akamimina kikombe changu na kuninyoshea. Nikanyosha mkono. Mama akanishika bega akanirudisha nyuma. "Hata mtoto, dada," akasema. "Niwie radhi."

Lo! Uso wa mwanamke yule ulizimika nikiutazama. Kwa watu wake, ukimpa mtu maziwa akayakataa, amekukataa wewe mwenyewe, tena hadharani. Na huyu aliyekatazwa kunywa ni mtoto aliyepona kwa kibuyu hicho hicho. Alitazama upande wa madukani, akamtazama Mama, na nikaona kwamba amekwisha kujijibu: tumejiunga na wale vijana. Aliyarudisha maziwa kibuyuni polepole, akaaga kwa sauti ya mtu asiyetufahamu, akaenda zake.

Alijaribu tena siku chache, akisimama mbali na ua, bila kuita. Mama akatikisa kichwa na kumpungia mkono, akijitahidi kutabasamu kwa amri ya Baba, na nadhani tabasamu lile ndilo lililomaliza kila kitu. Kisha hakuja tena. Tulimwona akipita njia ya juu, ile ndefu, kibuyu mgongoni na uso ameuelekeza mtoni.

Jioni moja Mama hakungoja kuulizwa. "Baba Charo, nimwambie tu kwamba tunafunga?"

"Ukimwambia yeye umewaambia wote," Baba akasema. "Funga ni siri yako na Mungu."

"Lakini anaumia."

"Mungu atamweleza."

"Kwani ni Mungu aliyekuwa akileta kibuyu hapa mlangoni?"

Baba akafunga Biblia. Hakuna aliyeulizwa amefundishwa nini usiku ule, na hata Charo alijua si wakati wa kufungua mdomo. Sitaki mtu amwone baba yangu kuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mimi sikujua wakati ule kwamba mtu mzima anaweza kumwogopa Mungu hata akashindwa kumsaidia mkewe. Mama aliendelea kunywa chai ya rangi, akiisukuma kooni kama dawa, na mara kwa mara nilimkuta jikoni akijifuta macho na kusingizia kuni mbichi.

Kisha mwanamke mmoja alirudi kutoka soko la Garsen na habari kwamba Mama Barisa amesema hana tena mtoto Mgiriama. Jamani, maneno hayo! Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Nilikuwa naamini mama hawezi kukuacha, na sasa mmoja wa mama zangu alikuwa ameniacha kwa kosa nisilolijua.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bahari. Mwaka mwingine wowote tungeshangilia, kwa sababu mkulima anataka nini zaidi ya mvua? Lakini mvua ikinyesha wafugaji huondoka na ng'ombe wao kurudi nyikani, mbali huko, na kuonana tena ni hadi kiangazi kingine, Mungu akipenda. Charo alikuja mbio akasema kina Barisa wameanza kufungasha. Mama alikuwa akichambua pojo. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Alijua, nami nikajua kwa kumtazama, kwamba wakiondoka na jambo lile moyoni, yule mwanamke hatasimama tena uani kwetu maisha yetu yote.

Jioni Baba alisoma, akauliza swali lake. Mama akajibu bila kuinua macho: "Amenifundisha kwamba nimeacha maziwa na nimeacha na mtu. Maziwa nilimwahidi Mungu. Mtu sikumwahidi."

Asubuhi akajifunga leso ya kwendea kanisani, akajitwika pojo, akanishika mkono. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakwenda kumwambia?"

"Simwambii kitu. Nakwenda kunywa."

"Leo ni Ijumaa, Mama Charo. Ijumaa ya Kwaresima."

"Najua siku zangu," Mama akasema, na tukapita.

Tulitembea hadi jua likawa kali. Kwenye boma lao vibanda vilikuwa vimekwisha kubomolewa, mikeka imekunjwa, punda wanafungwa mizigo. Mama Barisa alituona tangu mbali na akaendelea kukaza kamba. Hakuna aliyetukaribisha. Mama akatua pojo, akaketi chini kwenye mavumbi na leso yake ya kanisani, akasema, "Dada, nina kiu."

Yule akakaza kamba ya mwisho. "Maji iko mtoni," akasema.

"Sitaki maji."

Nilidhani atatufukuza. Alikwenda kwa punda, akafungua fundo alilokuwa amelifunga wakati huo huo, akatoa kibuyu, na kikombe cha kwanza hakumpa Mama. Alinipa mimi. Nikamtazama Mama, akaitikia kwa kichwa, nikanywa chote bila kupumua. Kisha Mama akanywa. Alikunywa akilia, na Mama Barisa akamuuliza kwa hasira, "Sasa kwa nini? Kwa nini wewe nafanya mimi hivyo?"

Hapo Mama akasema yote, majivu, sufuria, sheria ya Baba na siri. Mama Barisa alisikiliza hadi mwisho, akajipiga paja. "Wewe nafunga! Na mimi je, si nafunga kila mwaka? Si wewe naleta mimi ndizi ya kufuturu? Ungesema tu. Mimi ningeweka maziwa, nageuza samli, naleta siku yenu." Kisha akaanza kucheka na kumpiga Mama begani kwa nguvu, kama anayekung'uta mkeka, na Mama naye akacheka huku kamasi zinamtoka.

Tulikuwa bado tumekaa pale tuliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Baba, jasho linamchuruzika, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Alishuka, akasalimu, akaanza kuufungua mkungu. Mama Barisa akamimina kikombe akamnyoshea. Najua Baba alichokuwa akikipima moyoni. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, mbele ya boma zima, katekista mzima, Ijumaa ya Kwaresima, na povu jeupe likamkaa kwenye masharubu. Hakulifuta. Jioni hiyo hakusoma wala hakuuliza. Alisema tu, "Leo nimefundishwa mimi," akatuombea, tukalala.

Pasaka ile tulipikia samli aliyotutumia Mama Barisa. Na tangu hapo, kila mwaka kabla ya majivu, Mama alimtafuta Mama Barisa popote alipokuwa, akamwambia mwaka huu tunaacha nini. Baba alijua, na hakumkataza.

Sasa naishi Garsen mjini. Maziwa nanunua ya pakiti, na tafakari za Kwaresima zinanijia kwenye simu kila alfajiri, zimepambwa kwa maua, pamoja na picha za watu walioonyesha majivu yao na orodha za vitu walivyoviacha. Baba angeshika kichwa. Mimi nazisoma, na nyingine ni nzuri, lakini simu haijawahi kuniuliza swali ikangoja jibu. Baba alitangulia zamani. Mama tulimzika mwaka jana, na tangu mazishi nilikuwa nimeacha kusali, si kwa kugoma, nilikuwa nimechoka tu. Kwaresima ya mwaka huu ilipokaribia nilikuwa nazifuta zile tafakari bila kuzifungua.

Siku moja kabla ya majivu, Mama Barisa alikuja. Ng'ombe wake waliisha katika ukame, naye anaishi kwa mwanawe hapa hapa mjini. Alikuja na bakora yake mtaa baada ya mtaa, kibuyu kikuukuu kwapani, akaketi kwenye ngazi yangu akihema.

"Mama yako hayuko wa kuniambia," akasema. "Sasa wewe. Mwaka huu naacha nini?"

"Siachi kitu, Mama Barisa. Sina nguvu hata ya kusali."

Hakunihubiria. Alisema mwezi wao wa Ramadhani nao unaandama wiki hii hii, yeye ni mzee na tumbo lake bovu, lakini atafunga, na peke yake hataki. Halafu akafungua kibuyu, akatafuta kikombe kwenye mkoba wake, akanimiminia. "Kunywa kwanza. Halafu nasema."

Yalikuwa maziwa ya pakiti, haya haya ya dukani. Lakini alikuwa amekisugua kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kuyatia. Nilikunywa nikilia kama Mama alivyolia, nikamwambia nitaacha sukari.

"Maziwa hapana?"

"Maziwa kamwe."

"Haya," akasema, akijiinua kwa bakora. "Mimi nakuja kuangalia."

Jumatano alfajiri, giza bado halijatoka, sauti yake iliita nje ya mlango: "Kadzo, kumekucha, bado nalala?" Nikaruka kutoka kitandani.