Mkrismasi Uliochanua Oktoba

Niliyoyaona ni haya: mkrismasi ulio mbele ya nyumba yetu, Kipawa, ulichanua mwezi wa Oktoba, na mke wangu akaamini kwamba Krismasi imefika. Niliyoyasikia ni mengi zaidi. Nitayataja pale tu itakapolazimu, na nitasema niliyasikia kwa nani, kwa kuwa katika miaka yangu ya kufundisha baiolojia sikuwahi kumpa alama mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa neno "inasemekana".

Mti huo tuliupanda wenyewe mwaka tuliohamia. Kawaida yake niliijua. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hukaa mtupu, matumba hutokea mvua za vuli zikishaanza, na Desemba inapoingia huwa mwekundu kuanzia kileleni hadi matawi ya chini. Katika nyumba yetu maua yake yalitazamwa kuliko kalenda ya ukutani. Yakitokea, mke wangu alishusha mapazia yote akayafua, akaenda kuchukua viungo vya pilau, akakata tawi moja na kulisimamisha sebuleni katika ndoo ya mchanga. Watoto wetu watatu, ambao sasa wanaishi Mwanza, Mbeya na Dodoma, walilikuta tawi hilo kila walipokuja.

Mwaka huo masika yalikatika mapema na joto likabaki. Majani yalidondoka kabla ya wakati wake. Mvua moja kubwa ikanyesha mwezi wa Septemba, na baada yake nikaona matumba. Sidai kwamba hili lilileta lile. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetandika vitofali vya saruji kuuzunguka mti, na huenda mizizi ilipata joto isilolizoea. Nilikwenda kutazama mikrismasi mingine. Mmoja, kando ya barabara ya uwanja wa ndege, ulikuwa umechanua. Miwili niliyoikuta Mwananyamala ilikuwa na majani tu. Kwa ushahidi wa miti michache namna hiyo, mtu makini hatangazi jambo.

Kumbukumbu za mke wangu zilikuwa zimekwisha kuharibika. Majina ya watoto aliyachanganya, na siku hakuzifuatilia tena. Maua aliyajua. Asubuhi moja nilimkuta juu ya kigoda, anashusha mapazia.

"Mzee, umekaa tu? Watoto wako njiani."

"Sasa hivi ni Oktoba, mama."

Akanionyesha dirisha kwa kidole. "Oktoba gani yenye maua?"

Nilimweleza ukweli. Akashuka, akaketi kitandani, akalia kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kesho yake alishusha mapazia tena, nikamweleza tena, akalia tena, vilevile. Ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Ningependa kuandika kwamba nilihuzunika, lakini sikumbuki huzuni. Nakumbuka nilihisi kama ninasahihisha karatasi ileile ya mtihani kila asubuhi. Kisha nikaacha kumweleza. Nilimshikia kigoda asianguke.

Mwenye duka la jirani, kijana wa ukoo wa Kiarabu ambaye nilimfundisha, alinisimamisha nikipita.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama kachukua iliki na mdalasini wa kulisha harusi nzima. Krismasi ya mwaka huu mmeihamisha nini?"

"Marahaba. Mti umewahi."

"Watu wanasema mti ukiwahi hivyo, nyumba hiyo haimalizi mwaka salama."

"Watu gani?"

"Watu tu, Mwalimu."

"Nitajie mmoja."

Akacheka, akarudi kwenye mizani yake. "Darasani ulikuwa hivihivi. Sijui tulifaulu vipi."

Maua ya mkrismasi hayadumu. Nilijua yataanguka kabla ya likizo za watoto, na yakishaanguka mama yao hatakuwa na kitu kingine cha kumwambia kwamba wanakuja. Nikawapigia simu wote. Wa Mbeya alisema likizo yake ni Desemba, afanyeje. Wa Dodoma aliuliza ni nani atakayemweleza bosi wake habari za mti. Binti yetu wa Mwanza hakuuliza kitu. Alifika Jumamosi.

"Shikamoo, baba," alisema mlangoni. "Leo ni Krismasi. Tumeelewana?"

"Leo ni Jumamosi."

"Baba!"

"Marahaba. Jumamosi."

"Basi ni Krismasi iliyoangukia Jumamosi." Akanipita na begi lake, na alipoingia ndani nikamsikia akipiga vigelegele peke yake.

Pilau ilipikwa. Niliombwa nisali, nilishukuru kwa chakula na kwa msafiri, sikutaja sikukuu. Lakini kwetu, siku ya Krismasi, hakuna aliyewahi kugusa sahani kabla watoto wote hawajaketi, na sheria hiyo aliiweka mke wangu. Alimtazama binti yake, akatazama viti viwili vitupu, akafunika sufuria.

"Wenzako bado," alisema.

"Mama, tuonje kidogo tu, njaa inaniuma."

"Toka lini wewe ukawa mlafi?"

Tulikaa hadi aliposinzia kitini. Ndipo mimi na binti yangu tukala, pilau imepoa.

Maua yalipoanza kudondoka, mke wangu alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa. Wale wawili wa Mbeya na Dodoma walinipigia simu wakasema wako barabarani. Kwamba walikuwa barabarani ni maneno yao. Walipofika, mama yao alikuwa amekwisha kufa.

Msibani shangazi mmoja aliwasimulia waombolezaji kwamba marehemu alikata roho akiyasifu maua. Shangazi huyo alitoka Morogoro siku iliyofuata kifo. Wengine walisema mti uliwahi ili asiikose Krismasi yake. Mti haujui mtu. Muuguzi aliniambia mke wangu aliondoka kimya, bila maumivu, nami sina sababu ya kumdhania uongo, ila wakati huo mimi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, na binti yangu alikuwa nje akiwapigia simu ndugu zake. Hakuna mmoja wetu aliyeona.

Kabla sijaenda kwenye foleni nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Alifumbua macho.

"Watoto wamefika?"

"Amefika mmoja," nikamjibu.

"Basi anzeni kula," akasema.