Pia Iliyoelea Alfajiri

Marehemu fundi alikuwa mtu wa sala fupi na kazi ndefu. Miaka ishirini na sita alitengeneza spika katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mpaka watu wakazoea kutupa kibovu na kununua kipya. Zikabaki sumaku tu, zimerundikana chini ya meza.

Kwa sumaku hizo akaunda pia, kile kichezeo cha kuzungusha, ila yake ya kuelea hewani. Aliilaza sumaku ya spika, pana kama kisahani, kisha juu yake akaweka kibao cha plastiki na kuzungusha sumaku ndogo yenye kijiti katikati, pande zinazofanana zikitazamana na kusukumana. Bila kuzunguka, ile ndogo hupinduka papo hapo na kunasa. Ikizunguka hukataa kupinduliwa. Ukikinyanyua kibao polepole, hupanda nacho, kisha husimama yenyewe hewani. Ikienda mbio mno haitulii, ikichoka huanguka. Na uzito usizidi wala usipungue: nyepesi huruka pembeni, nzito haipandi. Kwa hiyo aliivisha washa nyembamba za shaba, vile vipete bapa vya kukazia nati, akiongeza na kupunguza kama mpishi na chumvi. Kila alfajiri baada ya sala ilielea dakika mbili, mkewe akishuhudia.

Mwalimu wa fizikia wa chuo cha jirani, aliyekuwa akitafuta fundi wa maabara, akazisikia habari hizo. Akaahidi kuja kujionea. Ikielea, kazi ni yake. Fundi alikuwa na miaka hamsini na nane, na mlango mwingine hakuuona.

Ili mgeni asikute vitu vinavyochezacheza, akazibandika washa zote kwa gundi.

"Mzee, urembo wa nini?" mkewe akamuuliza. "Ukitaka kupunguza utapunguzaje?"

Akamjibu kwamba kilichokaa sawa siku arobaini hakiguswi.

Mwalimu alifika saa saba mchana, mabati yakilia kwa joto. Pia haikupanda. Fundi alizungusha mara kumi, mara ishirini, jasho likidondokea meza. Ikabaki palepale kwenye kibao. Mwalimu alikuwa muungwana, hakucheka. Alitazama saa, akasema atapita siku nyingine. Siku nyingine ya mtu mwenye haraka, kila mtu anaijua.

Kesho yake alfajiri ikaelea vizuri. Hapo ndipo fundi alipoelewa: sumaku ikipata joto hupungua nguvu, na yeye siku zote aliipima kwenye baridi. Kutoa washa moja kungetosha. Akatembea hadi chuoni na maelezo yake mdomoni. Mlinzi wa geti, mteja wake wa zamani, akamwambia nafasi imepata mtu tangu jana jioni.

"Kwani fundi, sasa inaelea?"

"Asubuhi tu."

Mlinzi akacheka mpaka akaegemea geti. Fundi naye akacheka kidogo, kwa adabu, akageuka kurudi nyumbani.

Hakuizungusha tena. Sala hakuacha, ila mkewe aliyekuwa akimsikiliza alijua kwamba ndani ya sala hizo hakuomba tena kitu. Miezi minne baadaye Mwenyezi Mungu akamchukua.