Mwiko wa Mke wa Msafiri

Baba yangu alikuwa Mkristo mzuri, kanisani. Akishakaa kwenye usukani, Ukristo wote unabaki Tabora, anakuwa mpagazi kama baba yake aliyebeba pembe za ndovu za Waarabu hadi Bagamoyo. "Mnyamwezi asiyeiona bahari ni mtoto tu, hata awe na mvi," ndiyo ilikuwa hotuba yake kila siku ya Mungu. Aliporudi kutoka Burma, alikokuwa dereva wa jeshi, alinunua lori bovu, akalifufua kwa waya na matusi, akatangaza kwamba atampeleka mwanawe pwani kwa njia ile ile ya babu.

Treni ilikuwepo jamani! Inatoka pale pale Tabora, unasinzia, unaamka umefika. Nyoo! Treni ni ya magunia na wanawake, akasema.

Mwanawe ni mdogo wangu, kitoto cha miaka sita chenye maswali mengi kuliko meno. Mimi sikuhesabiwa. Nilichukuliwa kwa sababu lazima mtu apike ugali.

Mama alibaki nyumbani Gongoni, pale pale Tabora, na alibaki na kazi. Kwa wapagazi, mke wa msafiri ndiye anayeishika safari. Asiwashe moto wa ugomvi na jirani, asijipake mafuta nywele, na zaidi ya yote asimruhusu mwanamume kuvuka kizingiti chake. Akivunja mwiko, anayevunjika ni aliye njiani: simba atamla, au homa. Na dawa ya hapo ni moja tu, mke aungame. Asipoungama, dawa nyingine yoyote ukimpa mgonjwa inageuka sumu. Baba aliamini hivyo kabisa, kama anavyoamini kwamba jua litachomoza.

Asubuhi ya kuondoka Mama alisimama mlangoni amefunga kitambaa kichwani. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mwenzio asilale na nguo mbichi, mama. Kifua chake si kizuri, kikohozi hakijaisha." Nikamwitikia vizuri. Baba akapiga honi.

Siwezi kusema njia haikuwa nzuri. Baada ya Goweko miombo ilitukumbatia huku na huku, twiga wanatuangalia kama wakwe. Kule Itigi vichaka vilisongamana hata mbuzi asingepenya, na mbung'o wakatunyonya tukiwa juu ya magunia ya nta. Mdogo wangu aliwaua mmoja mmoja akawazika kwenye kopo. Lakini lori halisimami. Ukibanwa na haja, ujibane. Ukisema njaa, unajibiwa, "Msafiri kafiri." Baba aliyasema hayo kwa furaha tele, na mimi nikamchukia kwa furaha yake.

Tukavuka Mpwapwa, tukaanza kupanda milima. Hapo mawingu yaliteremka mpaka ndani ya lori, na mdogo wangu akauliza ni nani anapika huko juu mbona moshi mwingi hivi. Baba alicheka hadi akafuta macho. Kisha mvua ikashuka, barabara ikawa uji, lori likazama upande wa korongo. Tulikaa hapo tumelowa, tukisukuma na kukata matawi, mpaka wenyeji wa kule wakatuvuta kwa kamba. Nguo kavu hazikuwepo. Nilimvua mdogo wangu, nikamkumbatia kwenye ngozi yangu, lakini tulipoanza kuteremka upande wa pili alikuwa anatetemeka huku mwili unachoma.

Tulifika Kilosa mtoto amelegea kama kitambaa. Hospitali tuliiona ng'ambo ya reli, ukuta wake mweupe, watu wameketi barazani wakisubiri. Nikashuka. Baba akanishika mkono.

"Nani aliingia nyumbani kwangu?" akaniuliza.

"Baba, mtoto anaumwa. Hospitali ile pale."

"Nimekuuliza, nani alikuwa anaingia kwa mama yako?"

"Hakuna mtu, Baba! Hakuna!"

Akaniachia, akaenda stesheni kumpelekea Mama simu ya maandishi Tabora. Nilimfuata nimembeba mgonjwa mgongoni. Karani aliandika kama alivyoambiwa, kisha akasoma kwa sauti, watu wote wakasikia: MTOTO ANAKUFA. UNGAMA. Akamtazama mdogo wangu, akamwambia Baba kwa heshima, "Mzee, huyu apelekwe hospitali kwanza, majibu utayakuta." Baba akamjibu, "Unataka nimlishe mwanangu sumu?"

Tukangoja chini ya lori. Nilijaribu kutoroka naye, nikafika kwenye reli, Baba akanikamata akanichapa kwa mkanda mbele ya watu, halafu akamchukua mtoto kwa mikono miwili, taratibu, kama anachukua yai. Msidhani hakumpenda. Alikaa ameikumbatia miguu ya mtoto kifuani pake, akimpepea, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, anasema, "Vumilia baba, mama yako atasema. Atasema." Na hospitali iko pale pale! Hata leo nikikumbuka, natamani kumpiga mtu.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, mdogo wangu ameshaacha kutujua. Karani alilileta mwenyewe mbio. NIMEKOSA. MPELEKE HOSPITALI SASA HIVI.

Baba alitoa mlio ambao sijausikia tena kwa mtu. Kisha akambeba mtoto akavuka reli anakimbia, hana hata viatu. Wakampa kwinini, wakamdunga sindano, na baada ya siku kadhaa mdogo wangu akafungua macho akaomba uji. Baba akanigeukia. "Umeona?" Akasema tena, taratibu, "Umeona sasa?"

Niliona nini? Niliona kwinini. Lakini nani wa kumsikiliza msichana wa kupika ugali.

Na safari ikaendelea, ndiyo, mpaka Bagamoyo, kwa sababu mpagazi harudi nusu ya njia. Baba alimbeba mdogo wangu mabegani akaingia naye majini. Mtoto anacheka, anaramba chumvi midomoni, na Baba anamwambia kwa upole kabisa: umekuwa mwanamume leo, na mama yako nusura akuue kwa ajili ya mwanamume mwingine. Alimwambia hivyo pale, na njia nzima ya kurudi, kama mtu anayemfundisha mtoto sala.

Tulipokaribia Gongoni nilimwona Mama kwa mbali, amekaa nje juu ya mzigo wake. Alikuwa ameshafunga virago mwenyewe, hakungoja kufukuzwa. Alipiga magoti akamwamkia Baba. Baba akampita kwenda kufungua mlango.

Nilimwangukia shingoni. Nikamnong'oneza, "Mama, kwa nini umesema uongo?"

"Ningesema ukweli angepona?" akaniuliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema watu. Wanasema tu.

Kisha akamtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya gurudumu la lori, amenenepa kidogo, kofia mpya ya ukili ya Bagamoyo kichwani. Mama akanyoosha mikono yote miwili, uso wake wote unacheka, akamwita, "Njoo baba, njoo nikuone umepona."

Mtoto akarudi hatua nyuma.

"Usinishike," akamwambia. "Wewe ulitaka nife."

Mama alibaki vile vile, mikono hewani. Kisha akaishusha, akamtazama vizuri kuanzia kofia mpaka miguu, akaniuliza mimi, "Kikohozi kimeisha?"

Nikasema kimeisha. Akajitwika mzigo wake akaondoka.