Mtumbwi Alioununua Mama Kule Ikola

Mama yangu alikuwa Msukuma mfuga ng'ombe, mkazi wa Kabungu, na hakujua kuogelea. Lakini sijaona mtu aliyenunua mtumbwi kwa akili kama yeye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kaka yangu alikuwa ameoa Ikola, huko ziwani, akachoka kuvua kwa mitumbwi ya watu. Mama akauza dume, akaja mjini Mpanda kupanda lori, akanipitia Ilembo nilikoolewa.

"Twende, mwanangu. Wewe utaangalia, mimi nitauliza."

Kaka alikuwa amekwishapata muuzaji, kijana mchangamfu wa maneno matamu. Alitupeleka ufukweni, nje kidogo ya kijiji, ambako mtumbwi ulikuwa umelala mchangani, umepakwa lami mpya.

"Mama, nauza kwa shida tu, mke wangu kalazwa," akasema. "Na kuna mtu wa Kigoma anautaka. Nipe hata kianzio nimkatalie."

"Huyo wa Kigoma akija mpe," mama akajibu. "Mimi ng'ombe simnunui amelala. Utieni majini."

Tukausukuma. Mama akaamuru upakiwe mawe, kisha akaketi mchangani akamenya karanga zake bila haraka. Jua likapanda. Mtumbwi haukuingiza hata tone. Kaka akaninong'oneza kwa furaha, "Mzima kabisa! Mwambie mayu alipe."

Nikamwambia. Mama akainuka, akakung'uta khanga.

"Mtumbwi ni mzuri," akamwambia yule kijana. "Sasa twende kwako. Nataka majirani zako waniambie ni wa kwako, na mwenyekiti wa kijiji aone nikikupa pesa."

Kijana akacheka. "Mama, huniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nataka nikujue kwako."

Akasema anakwenda kumwita kaka yake mkubwa, tumsubiri pale pale. Tulisubiri mpaka kivuli cha mtumbwi kikahamia upande wa pili. Hakurudi.

Mama akatuongoza mpaka kwa mwenyekiti. Mzee yule alipofika ufukweni akashika kichwa. Mtumbwi ulikuwa wa mvuvi mmoja aliyekwenda Kigoma kutibiwa. Yule kijana alikuwa kibarua wake tu. Mke wa mvuvi akaitwa, akaja mbio, akamkumbatia mama huku analia. Kaka alikaa chini, jasho linamtoka. Mama alimpa karanga zilizobaki.

Mvuvi aliporudi, afya yake haikumruhusu tena kuingia ziwani. Watu wengi walitaka mtumbwi ule, lakini alituma ujumbe Kabungu kwamba atamuuzia yule mama Msukuma, si mwingine. Safari hii walipeana mikono mbele ya mwenyekiti na majirani, mchana kweupe.

Baada ya hapo wanawake wa Kabungu hawakununua baiskeli wala cherehani iliyotumika bila kumwomba mama awasindikize. Alikwenda kila alipoitwa, kitenge kipya mabegani, nami nikiweza nilifuata nyuma, nikitaka watu waone kwamba huyo ni mama yangu.

Siku kaka alipoutia mtumbwi majini kwa mara ya kwanza ukiwa wake, mama alipanda. Alishika kingo kwa mikono miwili, shingo imenyooka, akamwambia mwanawe apige kafi.