Nimeona, Nimesikia, Nadhani: Kuandika Hali ya Bandari Wakati wa Vita

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Habari Mkuu hakunipa kiti. Alinipa kikapu. "Nenda sokoni pale bandarini," akaniambia, "nunua ndizi, kaa hapo mpaka usikie watu wanalalamikia nini. Kisha urudi." Nami nilikuwa nimepiga pasi sketi yangu vizuri, nikijua nakwenda kupiga taipu. Niliondoka nimenuna.

Wajukuu zangu hudhani nilikuwa mtangazaji wa redio. Sikuwa. Nilikuwa mwandishi wa taarifa za hali, na ninalisema hilo kifua mbele. Taarifa ya hali ni karatasi iliyotoka wilayani kila wiki kwenda mkoani, ikieleza wananchi wanaishije: sukari ipo au haipo, meli imeingia na mzigo gani, watu wanasema nini kwenye foleni ya sabuni, uvumi upi unatembea. Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, upande mwingine kabisa wa nchi, lakini sisi wa Kyela tuko mpakani, na wakati wa vita kila mpaka hutazamwa kwa jicho kali. Bandari yetu ya Itungi ilikuwa na masikio mengi kuliko magunia.

Kazi hiyo Bwana Habari Mkuu alijifunza kwa wakoloni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, akiwa kijana mbichi, Waingereza walimchukua akawa karani wa ofisi yao ya upelelezi katika bandari moja ya Waarabu. Alipiga taipu taarifa za maisha ya mji ule: mkate umepanda bei, wauza maji wamegoma, kwenye vibanda vya kahawa wanamcheka nani, mashua ipi imetoka bila kuaga. "Walitaka kujua hata akina mama wanapika nini," alikuwa akituambia. "Mtu anayekutawala lazima achungulie chungu chako."

Mtindo wao aliuchukua, akautia adabu yake mwenyewe. Kila taarifa tuliigawa mafungu matatu: nimeona, nimesikia, nadhani. Ole wako uyachanganye. Nikaandika siku moja kwamba meli ilipoingia wananchi walifurahi, akanirudishia karatasi yangu.

"Furaha umeiona wapi, binti?"

"Walikuwa wanacheka, Mkuu."

"Basi umeona meno. Andika meno."

Nilimchukia kwa muda. Baadaye nilimshukuru, na sababu yenyewe ni mwanamke mmoja aliyeitwa Tumpe.

Kulikuwa na kizuizi kwenye njia ya kwenda Mwaya, walikokaguliwa watu wanaotoka bandarini na mizigo. Askari wake waliletwa kutoka mikoa ya mbali. Asubuhi moja Tumpe, mke wa mkulima, alikuja na beseni la samaki kichwani. Alipokikaribia kizuizi alitupa beseni, akajifunika kanga usoni, akakimbilia kwenye shamba la mpunga. Askari wakamfukuza, wakamkamata, wakampeleka kwenye ofisi yao na kumfungia chumbani. Walipomuuliza alikuwa anamkimbia nani, hakujibu. Wakauliza tena na tena. Akageukia ukuta.

Kamanda wa kizuizi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameagizwa akamate wapelelezi na hajapata hata mmoja. Alikwisha kupeleka habari mkoani kwa redio ya upepo: mwanamke amekimbia kwa hofu, anamficha mwenzake. Lori la kumpeleka Mbeya lilikuwa linakuja jioni. Tumpe aliacha nyumbani mtoto anayenyonya, na gauni lake lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Nilimwona nilipotumwa kuandika habari hiyo, nikaumia moyo.

"Kama hana kosa, alikimbia nini?" Kamanda aliniuliza. "Na yule mzee ametoka naye kizuizini mpaka hapa, tangu asubuhi yuko mlangoni anamwombea. Mwanamke hata kumtazama hataki! Wewe umeona mtu gani huyo?"

Nikageuka kumtazama huyo mzee. Alikuwa Mzee Ambakisye, ameketi kwenye benchi nje ya mlango, kofia mkononi. Nilimfahamu. Alikuwa baba yake mumewe Tumpe.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, huiacha njia. Jina lake halitaji, na akisikia sauti yake hunyamaza. Heshima hiyo ya ulimi tunaiita ingamwana. Mzee alikuwa amesimama kizuizini akizungumza na askari; ndiye aliyekimbiwa. Kisha kwa kumpenda mkwewe akamfuata, akaketi nje ya chumba cha mbao kinachopitisha kila neno, akiona kwamba kuondoka ni kumtupa. Hivyo mzee wa watu alikuwa akimziba mdomo mtu aliyekuja kumwokoa.

Nilirudi mbio ofisini kumweleza Bwana Habari Mkuu. Alisikiliza, akavua miwani.

"Kule bandari ya Waarabu," alisema, "ofisa wetu aliona taa juu ya mapaa ya nyumba. Akaandika kwamba wanawapa ishara marubani wa adui. Watu walikuwa wamepanda kulala kwa sababu ya joto, basi. Muuza maji mmoja alichukuliwa. Hakurudi." Akavaa miwani. "Lakini hayo uliyonieleza, mpaka sasa yako fungu gani?"

"Nadhani, Mkuu."

"Twende ukayaone."

Tulipofika nilipiga magoti mbele ya benchi, nikamwamkia mzee kama baba, kwa wingi wa heshima. "Mugonile, tata. Naomba mtusamehe. Naomba msogee mpaka kule kwenye ghala la mpunga, msisikike."

Alinitazama kwa hasira, binti mdogo namfukuza mzee. Kisha akaelewa. "Ee, kumbe ni mimi?" akasema. "Ni mimi ninayemfunga!" Akaondoka haraka kuliko umri wake.

Nikaingia. "Tumpe, amekwenda. Yuko mbali."

Akageuka kutoka ukutani, machozi yakamtoka. "Dada, kweli amekwenda? Alikuwa pale kwenye mti wa kizuizi. Ningepitaje? Na hawa wananiambia nimtaje! Nimtaje mimi? Mtoto wangu ana njaa, dada."

Kamanda alisikia yote, nami nikamweleza mila yetu. Akasema kwamba habari imekwisha kufika mkoani, na yeye hana uwezo wa kuirudisha kwa maneno matupu. Bwana Habari Mkuu akaniambia niketi kwenye mashine ya taipu ya Kamanda mwenyewe. Niliandika niliyoyaona na niliyoyasikia. Fungu la nadhani nililiacha tupu. Mkuu akatia sahihi chini ya yangu. "Tukikosea," akasema, "lori litupakie wote watatu." Taarifa ikasomwa kwa redio ya upepo, na jibu likaja kabla ya lori: aachiwe. Kamanda alicheka kwa kufarijika, akampa Tumpe beseni lake.

Baadaye nilihamishiwa Kasumulu, kisha Mbeya, nikawa Bibi Habari Mkuu, nikawatesa vijana kwa meno na furaha. Leo nalima kakao. Naona watu wakirusha habari kwenye simu: fulani kakimbia, mwizi huyo. Nakasirika, nawaambia. Wananiona bibi wa zamani, na mimi sijali. Hakuna aliyelala ndani kwa dhana yangu.

Nilipostaafu waliniaga katika ukumbi wa kanisa, hapa Kyela mjini. Wakaitwa wanaotaka kusema. Nikamwona Tumpe amesimama nje ya dirisha, kichwa kimeanza mvi, na nikajua hawezi, kwa sababu Mzee Ambakisye alikuwa ameketi safu ya mbele. Mzee naye hakuambiwa na mtu. Alishika fimbo yake, akainuka polepole, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda mbali kabisa. Hapo Tumpe akaingia, amemshika mkono mwanamume mrefu mwenye suti.

"Ndaga fijo, dada," akanishukuru. "Huyu ndiye aliyekuwa na njaa."