Mama Mlango na Tiketi Nzima

Katika ukumbi ule mdogo wa vichekesho, wenye viti themanini na vinne, wachezaji walikuja na kuondoka, lakini mlangoni alisimama mtu yule yule kwa miaka kumi na mmoja. Walimwita Mama Mlango. Aliingia pale kama mfagiaji, akapanda cheo siku alipomwambia mkuu wa kikundi, fagio mkononi, "Yule dada mliyempandisha jukwaani jana alikuwa anataka kulia. Nyinyi mlidhani anacheka."

Maana vichekesho vya pale havikuwa vya kukaa na kutazama. Mchezo ukikolea, wachezaji walishuka, wakamshika mtu mkono, wakampandisha awe shangazi, daktari au mshtakiwa, na hadithi ikafuata maneno yatakayomtoka. Kazi ya Mama Mlango ikawa kuwasoma watu wanapoingia. Hakusoma nyuso, uso hudanganya, hasa wa mtu aliyekuja na mchumba. Alisoma mikono. Aliyekunja tiketi mara nne kabla hajafika mlangoni, aliyekumbatia mkoba kifuani kama mtoto mchanga, hao aliwachania kona ya tiketi, kimya kimya. Mchezaji akishuka huanza kwa kusema, "Tiketi yako, mkuu!" Akiona kona haipo, hutupa utani kwa jirani na kupita zake. Mwenye tiketi nzima ni halali yao.

Mumewe alikuwa fundi saa. Ukimuuliza swali, jibu ulilipata umeshakunywa chai na kuosha vikombe. Hakuwahi kukanyaga ukumbini. "Kazi ya kuwatafutia watu aibu hiyo," alisema. Sasa binti yao alikuwa amefungua duka la vitambaa, anamtaka mama yake akakae naye dukani, na fundi saa alikuwa upande wa binti.

"Njoo uone mara moja tu," Mama Mlango alimwambia. "Ukitoka pale ukisema niache, naacha."

"Hawatanigusa?"

"Hawakugusi. Si nipo mimi?"

Jumamosi saa kumi jioni alimpokea mwenyewe, akamshika mkono, akampeleka safu ya pili, kiti cha pembeni apate pa kutokea. Akamfutia kiti, akamnyoosha kola, akarudi mbio mlangoni kwa sababu foleni ilishafika barabarani. Watu themanini na watatu aliwasoma mikono. Wa themanini na nne, ambaye mikono yake aliijua kwa miaka thelathini, hakumsoma, na tiketi yake hakuigusa.

Alikuja kuikumbuka tiketi hiyo Kishindo akiwa ameshashuka jukwaani. Kishindo ni jibaba lililocheza mama wa bibi harusi, gauni la maua na kilemba. Mchezo ulikuwa kikao cha familia kumpima mchumba wa binti, na upande wa mchumba ulikosa mjomba.

"Tiketi yako, mkuu!"

Fundi saa akaitoa. Nzima, bila mkunjo.

"Ahaa! Jamani, mjomba mtu alikuwa kajificha huku!" Akamshika mkono, akampandisha jukwaani.

Mama Mlango alipiga hatua mbili, akasita. Kumshusha mbele ya watu kungekuwa aibu mara mbili. Akashika ukuta.

"Haya mjomba," Kishindo akabana sauti, "kijana wenu atamtunza binti yangu?"

Fundi saa alikuwa anatazama saa ya ukutani, pambo tu la jukwaa.

"Mjomba kazimika!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mjomba, nakuuliza wewe au nauliza ukuta?"

"Saa hiyo," fundi saa akasema hatimaye. "Tangu nimekaa inasema saa mbili."

"Imeharibika tu, mjomba."

"Hakuna saa iliyoharibika tu. Ina sababu." Akapanda juu ya kiti, akaishusha, akaketi mezani, akatoa mfukoni kioo chake cha jichoni na bisibisi ndogo. "Endeleeni. Nawasikia."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kishindo, mzoefu wa jukwaa, akaona alichopewa. "Binti yangu anazeeka, mjomba!" Fundi saa akainua kidole bila kuinua macho. "Subiri kidogo, mama." Bwana harusi akapiga magoti. Kidole. Kishindo akazimia, akaangukia meza. Kidole, na "Msinitikisie meza." Watu walikuwa wanafuta machozi.

Mama Mlango hakucheka. Alijua mumewe haigizi. Alichotaka kujua ni kama mwenyewe anajua wanacheka nini. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa inafungua skrubu bila haraka. Kisha kidole kikapanda kabla Kishindo hajafungua mdomo, kikangoja hapo hewani mpaka kicheko kitulie, ndipo kikashuka.

Mama Mlango akakaa kwenye ngazi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipovuka barabara ya pili mumewe akasema, "Ulikuwa umeshika ukuta."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Kama mtu anayeona mtoto anavuka barabara peke yake."

"Nilisahau kukuchania kona, baba. Kosa langu."

Wakapita duka la mikate, wakapita kinyozi.

"Yule mama aliyekaa nyuma yangu, mwenye mkoba. Walimruka."

"Hakutaka kuguswa."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Wakapita na duka la dawa. "Sasa ukiondoka wewe, nani atawaambia?"

Jibu alilitoa mumewe mwenyewe, safari hii bila kungoja vikombe vioshwe.

"Basi mwambie mwanao atafute mtu mwingine wa dukani."

"Mwanangu? Jana si alikuwa wako?"

"Mwambie wewe bwana. Mimi naona haya."

"Haya! Wewe uliyewanyamazisha watu themanini kwa kidole kimoja!"

"Wale siwajui. Huyu ni binti yangu."

Wakabishana hivyo, nani ampigie, aanze vipi, na kama wampelekee mikate kwanza ya kumlainisha, hadi wakajikuta wamepita nyumba yao kwa nyumba tatu.